Cheti cha Kifo Si Mwisho wa Maswali



Katika miaka hii ya karibuni parokia nyingi za nchi yetu zimezoea msiba wa namna moja. Binti au kijana aliondoka kwenda Ghuba kutafuta kazi ya nyumbani au ya udereva. Kwa muda alituma fedha za karo na za mabati. Kisha simu yake ikanyamaza, na baada ya majuma mengi ya kungoja likawasili jeneza, na pamoja na jeneza karatasi yenye mhuri. Maneno ya karatasi hiyo huwa machache: kifo cha kawaida, au moyo kusimama. Jamaa hutia sahihi, humchukua marehemu wao hadi nyumbani, nasi twawasaidia kuzika. Matanga yakiisha, minong'ono huanza. Mama aliona kovu asilolijua juu ya mwili wa mwanawe. Kaka anaukumbuka ujumbe wa mwisho, uliojaa hofu. Lakini karatasi imekwisha kusema, na ni nani atakayebishana na daktari?

Twataka kulijibu swali hilo. Jibu letu ni kwamba neno la mtaalamu juu ya kifo kilichotokea mbali ni ushahidi wenye uzito mkubwa, wala si hukumu. Kama ushahidi mwingine wowote, halina budi kusomwa lote, kuulizwa na kupimwa hadharani, mbele ya wale waliofiwa. Serikali inayopokea maiti ya raia wake pamoja na karatasi, isiulize neno lolote, imekubali kwamba uhai wa raia huyo ulikuwa wa bei rahisi.

Mchunguzi wa vifo huuliza nini?

Katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, kifo cha ghafla, cha jeuri, au kisichojulikana sababu yake hakiachwi mikononi mwa polisi peke yao. Huko Uingereza yuko afisa wa kimahakama ambaye kazi yake ni kuchunguza vifo vya aina hiyo. Wanasheria humwita korona. Hapa Kenya kazi hiyo kwa miaka mingi imekuwa ya hakimu, kwa mujibu wa sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma ya taifa ya wachunguzi wa vifo, lakini miaka ikapita bila huduma hiyo kuanza kazi iliyokusudiwa.

Mchunguzi wa vifo hamhukumu mtu. Yeye hutafuta majibu ya maswali manne: marehemu ni nani, alikufa wapi, alikufa lini, na alikufaje. Ili kulijibu swali la nne humwita mtaalamu, yaani daktari wa patholojia aliyeipasua maiti na kuichunguza. Hapo yatupasa kutofautisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Liko jambo la sababu ya kifo, na liko jambo la namna kifo kilivyotokea. Watu wawili waweza kufa kwa kuvunjika fuvu la kichwa, mmoja akiwa ameteleza kutoka kwenye ngazi, na mwenzake akiwa amepigwa kwa chuma. Sababu ni moja. Namna ni mbili, na kati ya hizo mbili upo umbali wote uliopo baina ya ajali na uuaji. Mwili waweza kutuambia mengi juu ya sababu. Lakini ili kuijua namna, ni lazima maneno ya mwili yaunganishwe na maneno ya mahali, ya nguo, ya saa, na ya watu waliokuwapo.

Ndiyo maana maneno "moyo kusimama" hayatoshi hata kidogo. Moyo wa kila maiti umesimama. Umesimama wa mzee aliyekufa usingizini, na umesimama wa mtu aliyenyongwa. Shirika la Afya Duniani huwaelekeza madaktari wasiyatumie maneno kama hayo peke yake kuwa sababu ya kifo, bali waandike ugonjwa au jeraha lililoanzisha mfululizo wa mambo hadi moyo ukasimama. Daktari anayeandika kwamba moyo ulisimama, akakomea hapo, ametuambia kwamba marehemu amekufa. Hilo tulikuwa tunalijua tayari.

Neno moja lililobadilishwa

Nchi yetu yenyewe ina kisa kinachofaa kukumbukwa katika jambo hili, ingawa ndani yake sisi tulikuwa wenyeji, na aliyefia ugenini alikuwa Mwingereza. Julie Ward, msichana wa miaka 28 aliyependa kupiga picha za wanyama, alitoweka katika mbuga ya Maasai Mara tarehe 6 Septemba 1988. Baba yake, John Ward, alikuja kumtafuta. Gari lake dogo lilionekana korongoni. Tarehe 13 Septemba, kilomita kadhaa kutoka hapo, ilipatikana sehemu ya mguu wake na taya, karibu na majivu ya moto.

Maofisa walikuwa wepesi wa kueleza kwamba binti huyo aliliwa na wanyama. Maelezo hayo yalikuwa na manufaa yake. Simba hashtakiwi, mbuga haipati jina baya la wauaji, na watalii huendelea kuja. Lakini daktari wa patholojia wa polisi, Adel Shaker, alipoichunguza mifupa, aliandika alichokiona: kwamba mguu ulikuwa umekatwa kwa kitu chenye makali. Baadaye taarifa yake ilipotoka, ilikuwa imebadilishwa. Palipokuwa na neno la kukatwa sasa palikuwa na neno la kuraruliwa. Aliyefanya badiliko hilo alikuwa mkubwa wake kazini, naye alipoulizwa alidai kwamba alikuwa akisahihisha Kiingereza tu.

Tulitafakari badiliko hilo. Hakuna aliyeuiba mfupa, wala kuichoma taarifa. Neno moja lilifutwa, jingine likaandikwa juu yake, na kwa kalamu hiyo mwuaji akageuzwa kuwa mnyama. Panga hukata, jino la mnyama hurarua. Kati ya vitenzi hivyo viwili ndipo ilipolala haki ya binti huyo.

Ukweli ulijulikanaje? Kwanza, mtaalamu mwingine, Profesa Austin Gresham wa Cambridge, aliyachunguza mabaki yale huko Uingereza, akathibitisha kwamba yalikatwa kwa chombo chenye makali. Pili, mwaka 1989 uchunguzi ulifanyika hadharani mbele ya hakimu jijini Nairobi. Daktari Shaker akasimama kizimbani, akaulizwa, akaeleza kwamba maneno yaliyobadilishwa hayakuwa yake. Hakimu, Mkenya mwenzetu, akaamua kwamba Julie Ward aliuawa. Mwaka 2004 mchunguzi wa vifo wa Ipswich, Peter Dean, naye alifanya uchunguzi katika nchi ya marehemu, akafikia uamuzi kwamba aliuawa kinyume cha sheria.

Wala mtu asidhani kwamba kisa hiki ni cha Waafrika waongo na Wazungu wakweli. Afisa wa polisi wa Lincolnshire aliyepewa kazi ya kuchunguza mwenendo wa maofisa wa Uingereza wenyewe katika kesi hiyo alieleza kwamba alikuta humo maneno yasiyolingana, na uongo pia. Serikali zote mbili zilikuwa na mambo ya kulinda. Waliosimama upande wa ukweli walikuwa daktari mmoja aliyekataa maneno yaliyowekwa kinywani mwake, hakimu mmoja aliyesikiliza, na baba mmoja aliyekataa kurudi nyumbani.

Haki yenyewe haikukamilika. Walinzi wawili wa mbuga walishtakiwa, na mwaka 1992 wakaachiliwa huru. Mtu wa tatu naye alishtakiwa, na mwaka 1999 akaachiliwa. John Ward, aliyekuja Kenya zaidi ya mara mia moja kwa ajili ya mwanawe, alifariki mwaka 2023 bila kuona mtu yeyote akipatikana na hatia. Hata hivyo alipata kitu ambacho hakuna awezaye kumnyang'anya: mahakama za nchi mbili zilikiri kwamba binti yake hakuliwa na simba.

Maiti iliyorudi kutoka Jeddah

Msomaji aweza kuuliza: mchunguzi wa vifo wa Uingereza ana mamlaka gani juu ya kifo kilichotokea Kenya? Jibu limo katika kisa kingine, nacho kinatupeleka katika nchi ileile ambako wengi wa vijana wetu wanafia siku hizi.

Helen Smith alikuwa muuguzi Mwingereza wa miaka 23, aliyekuwa akifanya kazi Jeddah, Saudi Arabia. Tarehe 20 Mei 1979 alikutwa amekufa barabarani chini ya jengo ambamo palikuwa na karamu usiku ule; nahodha mmoja Mholanzi naye alikutwa amekufa hapo. Wenyeji walisema wawili hao walianguka kutoka rosheni. Baba yake, Ron Smith, aliyewahi kuwa polisi, hakuridhika. Mwili uliporudishwa Leeds, mchunguzi wa vifo wa huko alikataa kufanya uchunguzi wa hadhara, kwa hoja kwamba kifo kilitokea nje ya Uingereza.

Ron Smith akaenda mahakamani. Mwaka 1982 Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi ambao umezisaidia familia nyingi tangu siku hiyo: mwili wa marehemu ukiwamo katika wilaya ya mchunguzi wa vifo, na kifo chenyewe kikiwa cha jeuri au cha kutiliwa shaka, wajibu wake wa kuchunguza ni uleule, hata kama pumzi ilikatika ng'ambo ya bahari. Kwa maneno mepesi, haki husafiri pamoja na maiti.

Uchunguzi ukafanyika mwishoni mwa mwaka huohuo. Wataalamu walioichunguza maiti hawakukubaliana. Mmoja wao, Jørgen Dalgaard wa Denmark, aliona majeraha ambayo kwa maoni yake hayakuletwa na kuanguka pekee. Baraza la wazee wa mahakama likatoa uamuzi wa wazi, yaani ushahidi haukutosha kusema kwamba ni ajali, wala haukutosha kusema kwamba ni uuaji. Wengine watasema kwamba hayo yalikuwa matokeo madogo. Sisi twaona kwamba ni matokeo ya uaminifu. Karatasi ya kwanza ilikuwa imesema kwa uhakika mkubwa jambo ambalo, lilipoulizwa hadharani, halikuweza kusimama kwa uhakika huo. Ron Smith alikataa kumzika bintiye hadi mwaka 2009. Hatuwashauri waamini wafuate mfano huo wa miaka thelathini. Lakini ni aibu kwa dunia kwamba mzazi alilazimika kuugeuza mwili wa mwanawe kuwa hati yake ya madai.

Mtaalamu wa ng'ambo naye huulizwa

Kanisa la Kenya linalo kaburi lake katika habari hii. Padre John Kaiser, mmisionari wa Mill Hill kutoka Marekani, alikutwa amekufa kwa risasi tarehe 24 Agosti 2000 kando ya barabara ya Nakuru, karibu na Naivasha. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ametoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi juu ya mapigano ya kikabila, na kuwataja wakubwa kwa majina. Wapelelezi wa FBI wa Marekani waliitwa kusaidia, na mwaka 2001 taarifa yao ikatolewa: kwa maoni yao, dalili zilielekea kwamba padre alijiua.

Ni shirika gani la upelelezi lenye jina kubwa kuliko hilo? Kama wataalamu huaminiwa kwa jina, basi habari ingeishia hapo, na Padre Kaiser angebaki katika vitabu kama mtu aliyejitoa uhai. Lakini Maaskofu Wakatoliki hawakuikubali taarifa hiyo, na pamoja na jamaa na watetezi wa haki wakadai uchunguzi wa hadhara. Ulianza mwaka 2003. Mwezi Agosti 2007 Hakimu Maureen Odero, baada ya kuwasikiliza mashahidi wengi, aliyakataa maoni ya kujiua, akaamua kwamba padre aliuawa. Waliomuua hakuweza kuwataja kwa ushahidi uliokuwapo, naye akataka upelelezi uendelee.

Katika kisa cha Julie Ward, mtaalamu wa ng'ambo alisaidia kuufichua ukweli. Katika kisa cha Padre Kaiser, maoni ya ng'ambo yalishindwa yalipopimwa katika mahakama yetu wenyewe. Kwa hiyo hatusemi kwamba wataalamu wa kwetu wadharauliwe, au wa kwao wasujudiwe. Twasema kwamba wote waulizwe. Umeona nini kwa macho yako? Uliuona mwili, au picha tu? Ni nani mwingine aliyekuwapo? Ungeona nini kama mambo yangekuwa kinyume cha unavyosema? Mtaalamu mwaminifu hachukizwi na maswali hayo. Aulizaye si mjinga, na aulizwaye hatukanwi.

Majeneza yetu

Sasa turudi kwa majeneza yetu. Mwaka 2021 maofisa wa serikali waliieleza kamati ya Bunge kwamba Wakenya wapatao 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili hivi, na kwamba kwa wengi wao sababu iliyoletwa na wenyeji ilikuwa kusimama kwa moyo. Mwezi Machi 2025 gazeti la New York Times liliripoti kwamba katika miaka mitano wafanyakazi Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikuwa wamefia katika nchi hiyo, na kwamba katika mwaka 2024 peke yake walikufa wasiopungua 55. Gazeti hilo lilieleza pia habari za taarifa za upasuaji zilizotaja dalili za kuungua na za kupigwa na umeme, na bado vifo hivyo vikaitwa vya kawaida.

Yafaa tukumbuke kwamba mfanyakazi aendaye Ghuba hupimwa afya kabla ya safari, na mgonjwa hukataliwa. Basi hawa ni watu walioondoka hapa na hati ya kuwa wazima. Wengi walikuwa vijana. Hatusemi kwamba kila mmoja wao aliuawa. Kusema hivyo ni kufanya kosa lilelile la kuhukumu kabla ya kuchunguza. Vijana wazima nao hufa ghafla, kwa joto kali, kwa uchovu, kwa maradhi yaliyojificha, kwa ajali za barabarani. Wako waajiri wema, na kuwatukana wote ni dhambi. Tunachosema ni kwamba vifo vya vijana wengi namna hiyo, vikielezwa kwa maneno yaleyale machache, vinadai uchunguzi, na uchunguzi ndio usiofanyika.

Tena ni lazima ufanyike mapema. Maiti inayosafirishwa kwa ndege hutiwa dawa ya kuizuia isioze, na dawa hiyo huharibu uwezo wa maabara wa kugundua sumu nyingi. Kila siku ipitayo ardhini hula ushahidi. Upasuaji wa pili, ukifanywa na daktari asiyejua wa kwanza alikata wapi na alitoa nini, ni kama kukisoma kitabu kilichochanwa kurasa. Kwa sababu hiyo taarifa kamili ya upasuaji wa kwanza, pamoja na picha zake na majibu ya maabara, si upendeleo wa kuombwa kwa magoti. Ni haki ya jamaa na wajibu wa serikali mbili.

Hapa ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe. John Ward alikuwa na hoteli. Aliweza kulipa ndege, mawakili na maprofesa. Ron Smith alikuwa na ujuzi wa polisi, na nyuma yake mahakama iliyokuwa tayari kumsikiliza. Mjane wa kijijini aliyemtoa bintiye kwenda Riyadh ili wadogo zake wasome ana nini? Wahenga walisema mnyonge hana haki. Hawakusema hivyo kwa kuridhia, bali kwa kueleza walivyoyaona mambo ya dunia. Ni kazi ya Kanisa, na hasa ya sisi wa Haki na Amani, kuhakikisha kwamba msemo huo hautimii katika parokia zetu.

Wapo watakaopinga

Wako watakaosema kwamba kuipasua maiti tena ni kumsumbua marehemu, na kwamba mila zetu na heshima kwa wafu zakataza. Sisi twauheshimu moyo wa maneno hayo. Lakini kuzika wafu ni tendo la huruma kwa sababu mwili wa mwanadamu una hadhi, na hadhi hiyo hailindwi kwa kuufunika uovu uliotendwa juu yake. Daktari anayeutafuta ukweli kwa heshima anaendeleza tendo lilelile la huruma.

Wako pia watakaosema, "Ni mapenzi ya Mungu, tumwachie yeye." Tuwe waangalifu na maneno haya. Kifo chatupata sote, na faraja yetu i kwa Mungu. Lakini kipigo cha mwajiri si mapenzi ya Mungu, wala njaa ya aliyefungiwa ndani ya nyumba si mapenzi yake. Tusimtwike Mungu mzigo wa mtu aliyetenda dhambi.

Wengine watasema kwamba maswali yataharibu urafiki wa mataifa, na kuziba mlango wa ajira kwa maelfu wanaohitaji kazi. Kwa hao twajibu kwamba Uingereza na Kenya hazikuvunja urafiki kwa sababu ya Julie Ward. Nchi inayodai hesabu ya watu wake huheshimiwa. Isiyodai ndiyo ambayo watu wake hutendewa kama bidhaa.

Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya safari. Kila Jumuiya iwajue watu wake wanaoondoka. Nakala za pasipoti, za mkataba, za jina la wakala na za hati ya kupimwa afya zibaki nyumbani, mahali panapojulikana. Ujumbe wa simu unaoeleza mateso usifutwe. Usipokuwa kilio cha kuitikiwa leo, waweza kuwa ushahidi kesho.

Pili, habari ya kifo ifikapo. Jamaa wasaidiwe kuiandikia barua Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje na ubalozi, wakidai taarifa kamili ya upasuaji, taarifa ya polisi na ya hospitali, wala si cheti tu. Barua iwe na tarehe, na nakala yake ihifadhiwe. Mtu yeyote asitie sahihi karatasi asiyoielewa, hasa inayokubali marehemu azikwe huko, au inayosema kwamba familia haina madai.

Tatu, jeneza liwasilipo. Kukiwa na shaka, mazishi yangoje. Taarifa itolewe polisi, na uombwe upasuaji wa daktari wa serikali, akiwapo daktari mwingine kwa niaba ya familia. Familia imwandikie pia Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kuomba uchunguzi mbele ya hakimu. Padre na katekista wawafahamishe waombolezaji kwamba kungoja siku chache si kumnyima marehemu heshima.

Nne, sisi wenyewe. Katika kila dayosisi wamo waamini ambao ni mawakili, madaktari, wauguzi, na watu wajuao Kiarabu. Saa mbili za mmoja wao kuisoma taarifa na kuandika barua zaweza kuwa sadaka kubwa kuliko bahasha ya rambirambi. Wawakilishi wetu Bungeni nao waulizwe bila kuchoka: ile huduma ya wachunguzi wa vifo iliyopitishwa mwaka 2017 imefikia wapi, na je, itawahudumia pia wale wanaorudi ndani ya majeneza?

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, imo amri ya kale inayofaa kutafakariwa katika Jumuiya zetu. Ikiwa maiti ya mtu aliyeuawa itaonekana uwandani, na aliyemuua hajulikani, wazee na waamuzi walitakiwa kutoka na kupima umbali hadi miji iliyouzunguka mwili huo. Wazee wa mji ulio karibu zaidi ndio waliopaswa kusimama mbele ya Mungu na kutamka kwamba mikono yao haikuimwaga damu hiyo. Hawakuambiwa wanyamaze kwa kuwa hawakumjua mwuaji. Hawakuruhusiwa kuuruka mwili na kuendelea na safari. Walitakiwa kupima kwanza, ndipo waape.

Siku hizi uwanda ni mpana, na mwili waweza kulala maelfu ya kilomita kutoka kwetu. Lakini tukipima umbali kwa haki, tutaona kwamba mji ulio karibu zaidi na binti yule aliyefia Riyadh au Jeddah ni kijiji alichobatizwa. Sisi ndio wazee wa mji huo. Kabla hatujasema kwamba mikono yetu ni safi, na tuulize alikufaje.